Marehemu Mhandisi Miko Rwayitare na Simu Isiyo na Waya



Mtu akisimama Nyabugogo alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya milima, atasikia mambo mawili kwa pamoja. Atasikia ngurumo za mabasi yanayotayarishwa kwa safari za mikoani na za nchi jirani, na atasikia sauti za watu wanaosema na wasiokuwapo. Mama aliyeshuka na magunia ya viazi amwambia binti yake kwamba amekwisha fika salama. Kijana wa pikipiki anaulizwa na abiria yuko pembe ipi ya kituo. Mfanyabiashara aliyekaa juu ya mzigo wake amwuliza mwenzake wa upande wa pili wa mpaka bei ya nguo imepanda au imeshuka. Kila mmoja ameshika kidude kidogo sikioni, wala hapana anayestaajabu. Jambo lililokuwa muujiza kwa wazee wetu limekuwa kama kunywa maji.

Desturi ya vijitabu kama hiki ni kuwataja wazee waliojenga misikiti, walimu waliosomesha watoto, na wenye mali waliotoa mali zao katika njia ya kheri. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuna nia ya kuiacha. Lakini yatupasa mara moja moja kumtaja mtu ambaye jina lake halimo katika madaftari ya jumuiya yetu, ila kazi yake imeingia katika riziki ya kila siku ya watu wetu. Mtu huyo ni marehemu Miko Rwayitare, mhandisi na mwenye makampuni, mzaliwa wa Rwanda, aliyefariki dunia mwaka 2007. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza walioleta katika Afrika simu ya kuchukua mkononi. Tunamkumbuka bila ya kumpamba kwa pambo asilokuwa nalo, kwa maana historia inayoficha haimfundishi mtoto kitu.

Ili tuijue thamani ya kazi yake, kwanza tukumbuke hali iliyokuwako. Lugha hii ya Kiswahili tunayoiandika ilifika Kigali kwa miguu. Ililetwa na misafara ya biashara, askari na makarani waliofuatana na Wadachi, wakati Daktari Richard Kandt alipoanzisha mji huu mwaka 1907. Wazee wetu waliokaa Biryogo na Nyamirambo, ambako msikiti ulijengwa mwaka 1913, walikuwa watu wa safari na biashara. Jamaa zao walikuwa Ujiji, Tabora, Bujumbura, Bukavu na Kampala. Na mtu wa safari ana shida moja isiyokwisha, nayo ni habari. Akiondoka, nyumbani hawajui kama yu hai. Akiwa njiani, hajui kama mtoto aliyemwacha na homa ameamka.

Baba aliyekwenda nchi jirani kununua bidhaa alimpa dereva karatasi iliyokunjwa, na dereva akaitia mfukoni, na ile karatasi ikafika baada ya siku nne, au haikufika kabisa. Simu za waya zilikuwako, lakini zilikuwa katika maofisi, posta na majumba ya wakubwa. Nyabugogo ilikuwa basi mahali pa kungojea. Mke alimtuma mtoto mkubwa ashuke bondeni, akaulize kila gari lililotoka mbali, "Je, mmemwona baba?" Wengi wanaosoma maneno haya waliwahi kuwa mtoto yule.

Miko Rwayitare alizaliwa Rwanda mwaka 1942, wakati nchi ingali chini ya utawala wa Wabelgiji. Alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi. Yafaa kukumbuka kwamba katika nchi hiyohiyo, katika mji wa Karlsruhe, mtaalamu Heinrich Hertz alithibitisha kati ya mwaka 1886 na 1888 kwamba mawimbi ya umeme husafiri hewani pasipo waya. Hertz mwenyewe hakuona kwamba jambo lile lingekuwa na faida kwa watu. Miaka mia moja baadaye, mhandisi wa Kiafrika aliyesoma katika nchi yake ndiye aliyeyatia mawimbi hayo kazini Kinshasa.

Alipomaliza masomo, Rwayitare alifanya maisha yake katika nchi iliyoitwa Zaire tangu mwaka 1971 hata 1997, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hiyo ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili na laki tatu, na mito na misitu yake huzuia barabara. Katika miaka ya 1980, migodi ya kampuni ya serikali iitwayo Gécamines, huko Katanga ambako wachimbaji husemezana Kiswahili, ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Shaba hiyo ilikwenda ng'ambo kufanywa nyaya za simu na za umeme. Lakini katika nchi yenyewe nyaya za simu zilikuwa zimechakaa, mitambo haikutengenezwa, na mtu aliweza kunyanyua simu ya mezani mwake asisikie hata mlio. Nchi iliyowapa walimwengu waya ilikuwa bubu.

Hapo ndipo mhandisi alipoona alichokiona. Wengine walisema nyaya zitengenezwe. Yeye alisema nyaya ziachwe. Mwaka 1986, pamoja na mshirika wake Mmarekani, Joseph Gatt, alianzisha kampuni ya Telecel, na baada ya muda mfupi simu za mkononi zikaanza kulia Kinshasa. Wengi waihesabu kazi hiyo miongoni mwa mwanzo wa simu za mkononi katika bara letu.

Huenda msomaji kijana asijue jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi, ingawa hulala nacho kichwani pake. Nchi hugawanywa vipande vipande, mfano wa vyumba vya sega la nyuki, na kila kipande kina mnara wake. Simu hupeleka sauti kwa mawimbi hadi mnara ulio karibu, na mnara huipeleka kwenye mtambo mkuu, nao mtambo huitafuta simu ya pili ilipo. Mawimbi yanayotumika katika kipande kimoja hutumika tena katika kipande kisichopakana nacho, ndipo watu wengi wakaweza kusema kwa wakati mmoja bila ya sauti zao kuchanganyika. Na mtu akiwa safarini, mnara mmoja humkabidhi kwa mnara mwingine, kama msafara ulivyokabidhiwa kutoka kwa kiongozi hata kiongozi. Basi likitoka Nyabugogo na kupanda mlima, abiria anaendelea kusema, wala hajui kwamba amekwisha kupokewa na mnara wa pili na wa tatu. Katika nchi yetu ya milima kazi hii ni ngumu zaidi, maana mlima huyakinga mawimbi kama unavyokinga jua na kulitia bonde kivuli. Kwa sababu hiyo minara hujengwa vileleni, ili iyaone mabonde.

Sasa tuseme na lile ambalo si tamu. Simu za siku zile zilikuwa nzito na ghali kupita kiasi. Ile iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1983 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800, bei yake karibu dola 4,000, na baada ya kusema nusu saa ilitaka kutiwa umeme kwa saa 10. Chombo cha namna hiyo hakikuwa cha muuza mihogo. Wanunuzi wa kwanza wa Kinshasa walikuwa mawaziri, maofisa wa jeshi na matajiri, chini ya utawala wa Mobutu, ambamo biashara kubwa haikuweza kusimama bila ya kuridhiwa na wenye nguvu. Rwayitare alifanya biashara katika hali hiyo, wala hakuwa mbali na wenye nguvu hao. Watu wa masoko waliiona simu ile mikononi mwa wakubwa kama walivyoona magari yao yakipita, yaani ni kitu cha wengine.

Je, hilo linamwondolea heshima? Yako majibu mawili, na msomaji apime mwenyewe. Yuko atakayesema kwamba mlango uliofunguliwa kwa tajiri peke yake si mlango, ni ukuta wenye ufunguo. Na yuko atakayesema kwamba kila kitu kipya huanza ghali, na asipokuwako wa kuthubutu kwanza, hapana wa kuja kwa bei nafuu baadaye. Sisi twaona kwamba maneno yote mawili yana haki ndani yake. Twaona pia kwamba mlango ule ulipokwisha kufunguliwa haukuweza kufungika tena. Kampuni ilidumu katika nchi iliyotikiswa. Askari waliipora Kinshasa mwezi wa Septemba mwaka 1991, wakaipora tena Januari 1993, na wafanyabiashara wengi wakakimbia. Telecel ilibaki, ikaenea katika nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Burundi, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Ivory Coast, Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya kampuni iliuzwa kwa kampuni ya Orascom ya Misri.

Wakati mambo hayo yanaendelea upande wa magharibi, nchi aliyozaliwa Rwayitare iliingia gizani. Tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku mia moja, Watutsi waliuawa katika mauaji ya kimbari, pamoja na wengine waliokataa kushiriki uovu ule. Mto Nyabugogo, utokao ziwa Muhazi na kupita bondeni petu, humwaga maji yake katika Nyabarongo, na kila mtu mzima ajua Nyabarongo ilichukua nini mwaka ule. Mwaka huo hapakuwa na simu za mkononi Rwanda. Watu waliofungiwa majumbani, misikitini, makanisani na mashuleni hawakuwa na njia ya kusema, "Tuko hapa, tungali hai."

Palikuwa na mahali pamoja mjini Kigali ambapo sauti ilipata upenyo. Katika hoteli ya Mille Collines, jina ambalo maana yake ni milima elfu, walikuwamo wakimbizi zaidi ya 1,200. Maji ya bomba yalikatika, wakanywa ya bwawa la kuogelea. Laini za simu zilikatwa, lakini ikasalia moja iliyokuwa ya mashine ya faksi, ambayo waliozikata nyingine hawakuitambua. Kwa laini hiyo moja wakimbizi walisema na Ubelgiji, Ufaransa na Marekani, usiku na mchana, wakiwasihi watu wenye nguvu wasiwasahau. Palikuwapo pia askari wachache wa Umoja wa Mataifa, na sababu nyingine zilizowazuia wauaji. Hata hivyo waliokuwamo husimulia habari za laini ile kama mtu anavyosimulia kamba aliyotupiwa kisimani. Waliohifadhiwa ndani ya hoteli ile walitoka hai.

Kwa hiyo haikuwa habari ya biashara tupu pale Rwayitare, aliyekuwa ametajirika kwa kuwapa watu sauti, alipoinunua hoteli hiyohiyo mwaka 2005 kutoka kwa wenyewe Wabelgiji. Mtu mwenye mali yake angeweza kuiweka popote duniani. Aliweka sehemu yake katika mji mkuu wa nchi yake, katika jengo ambalo waya mmoja ulikuwa umebeba roho za watu. Hatutasema tulijua nia iliyokuwa moyoni mwake, kwa maana ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu. Lakini nyumba hiyo ilisimama ikapokea wageni, na watu wakapata kazi ndani yake.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2001, alinunua shamba la mizabibu liitwalo Mont Rochelle, huko Franschhoek katika Afrika ya Kusini, akawa miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza kumiliki shamba la namna hiyo katika bonde lile. Zabibu za shamba hilo hufanywa mvinyo, na sisi tunaosoma kijitabu hiki tunajua mpaka wetu uko wapi. Twalitaja kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yaonyesha jambo jingine. Katika nchi ambayo muda wa miaka mingi sheria ilimzuia Mwafrika kumiliki ardhi nzuri, mtu wa Rwanda aliingia kwa mlango wa mbele akiwa mwenye shamba. Mwaka 2014, alipokuwa amekwisha fariki, shamba hilo lilinunuliwa na Mwingereza Richard Branson.

Rwayitare alifariki Brussels mwezi wa Septemba 2007, umri wake ukiwa miaka 64. Alikuwa na watoto, na kama kila baba aliwaachia zaidi ya mali. Mali hugawanywa, huuzwa, hubadilika mikono, na tumekwisha kuona jinsi kampuni na shamba vilivyopita kwa watu wengine. Kisichouzwa ni mfano. Mtoto wa mhandisi alimwona baba aliyeitazama nchi bubu, asilie wala asingoje serikali, akauliza, "Je, hapana njia nyingine?" Swali hilo ni urithi usiotozwa kodi, na baba maskini naye aweza kumwachia mwanawe.

Turudi sasa bondeni petu tulikoanzia. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi Rwanda ilianza kazi mwaka 1998, nayo haikuwa ya Rwayitare. Ilikuwa ya wengine waliokuja kupitia njia iliyokwisha kukanyagwa na yeye na wenzake. Mwanzoni simu zilikuwa za wachache hapa pia, kisha bei ikashuka, na mwaka 2010 ikawezekana kutuma fedha kwa simu. Hapo Nyabugogo ikabadilika. Mchukuzi wa mizigo apata ujira wake asubuhi, na adhuhuri mama yake aliye kijijini ameupokea. Kijana aliyekosa ada ya shule amejifunza kufungua simu iliyoharibika na kuunga waya mwembamba kama unywele, na kwa kazi hiyo anawalisha wadogo zake. Muuza ndizi hangoji kudanganywa bei na dalali, kwa maana amekwisha kuuliza mwenyewe. Chombo kilichoanza mkononi mwa waziri kimefika mkononi mwa mchukuzi, na hapo ndipo, kwa maoni yetu, kilipopata heshima yake.

Hiyo ndiyo sababu ya kumwandika mtu huyu katika kurasa hizi. Wazazi wengi wa jumuiya yetu wana bidii ya biashara, na tangu zama za misafara twasifiwa kwa hilo. Lakini biashara ya kununua hapa na kuuza pale ina mwisho wake, na anayekijua chombo kwa ndani humpita anayekiuza tu. Basi mtoto mwenye akili ya hesabu asitolewe shuleni akashike duka kwa sababu duka lina fedha leo. Binti naye, kama ana akili hiyo, asizuiliwe. Asome umeme, asome mitambo, asome maji ya bonde hili ambayo kila mvua kubwa hutuingilia. Na akiisha kuwa mhandisi na mwenye mali, ajiulize swali ambalo kila mwenye kipaji ataulizwa: kazi yako imemfikia nani? Imeishia mezani pa wakubwa, au imemfikia mama mwenye magunia?

Marehemu Rwayitare alianza na wale, na kazi aliyoianzisha ikaja kuwafikia hawa. Wanaokuja nyuma yake wana nafasi ya kuanza na hawa.

Leo usiku, ndugu msomaji, basi la mwisho litakapoingia Nyabugogo likiwa limechelewa kwa mvua, hapana mtoto atakayetumwa bondeni kuuliza magari kama yamemwona baba. Baba atakuwa amekwisha kusema, "Nimefika, fungueni mlango." Kwa neno dogo kama hilo nyumba nzima hulala. Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na awajaalie wawe sababu ya watu kulala kwa amani. Amin.